Mkasi mdogo wa Nyeri na samaki wa mbali

Msafiri anayeondoka Nairobi asubuhi kwenda Nyeri kwa barabara ya Thika huwa na mengi ya kutazama. Mashamba ya mananasi ya Thika yakishamwisha machoni, hufika njia panda ya Makutano ambapo wanaokwenda Mwea na Embu hushika njia yao. Kisha huja Sagana, halafu Karatina na lile soko lake ambalo wachuuzi wa mboga wa Nairobi hulijua kama wanavyoijua mifuko yao. Kutoka hapo hewa hubadilika. Watoto waliokuwa wakigombania dirisha la gari huanza kuomba lifungwe. Mlima Kenya uko upande wa kulia, iwapo mawingu yameamua kuuachilia asubuhi hiyo, na kushoto ni ile safu ndefu ya Nyandarua ambayo wengine wangali wanaiita Aberdare.

Wengi wetu tukifika Nyeri huonyeshwa kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha skauti, tukapigwa picha, tukala nyama choma na kurudi nyumbani. Makala haya yanamwomba msomaji ashuke garini mapema kidogo, karibu na Kiganjo, aangalie kitu ambacho hakimo katika ramani yoyote ya watalii. Kitu chenyewe ni mkasi. Si mkasi wa fundi wa nguo wala si wa kinyozi. Ni mkasi wa inchi nne hivi, mwembamba, wenye ncha kama mwiba, na kuna watu ambao chakula chao cha jioni hutegemea uzuri wake.

Ili habari ya mkasi ieleweke, yafaa tuanze na samaki. Mito inayoteremka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya, kama vile Gura, Chania, Mathioya, Thego, Ragati na Burguret, ina maji baridi na ya kasi hata mwezi wa Januari jua linapowaka. Zamani mito hiyo haikuwa na samaki anayeitwa trauti. Alikuja na Wazungu. Mwaka wa 1905 Mwingereza Ewart Grogan, yule aliyepata jina kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Scotland, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura. Miaka michache baadaye aliletwa yule mwenye utepe wa rangi ya waridi ubavuni, na huyu ndiye aliyeenea zaidi. Katika miaka ya 1940 serikali ilianzisha kituo cha kuzalisha trauti huko Kiganjo, na kutoka hapo vifaranga walisambazwa katika mito mingi ya nyanda za juu.

Trauti ni samaki mwenye kiburi cha chakula. Hula wadudu wa majini, mabuu yao, na wale wanaoanguka juu ya maji kutoka kwenye nyasi. Kwa desturi ya wavuvi wake, havuliwi kwa mnyoo wala kwa kipande cha nyama bali kwa mdudu wa bandia aliyefungwa juu ya ndoana kwa uzi, manyoya ya ndege na nywele za wanyama. Wazungu humwita mdudu huyo nzi, hata kama umbo lake ni la panzi, la buu au la samaki mchanga. Nasi hapa tutamwita nzi.

Hila hii si ya jana. Mwandishi Aelianus wa Roma, aliyeishi karne ya pili na ya tatu baada ya Kristo, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyoviringisha sufu nyekundu kwenye ndoana na kuongeza manyoya mawili ya jogoo ili kumdanganya samaki. Yaani tangu hapo mtu amekuwa akikaa chini, jogoo akipoteza manyoya, na samaki akidanganyika.

Lakini ni nani anayewafunga nzi hao siku hizi? Hapo ndipo Kenya inapoingia. Wazungu waliovua katika mito yetu wakati wa ukoloni walihitaji nzi, na badala ya kungoja meli ya kutoka Uingereza wakawafunza vijana wa hapa kuwafunga. Mikono ya hapa ikaonekana kuwa mizuri kwa kazi hiyo. Baadaye biashara ikageuka, nzi wakawa wanatoka hapa kwenda kule. Leo nzi waliofungwa Nairobi na vitongoji vyake, na katika miji kadhaa ya nyanda za juu, huuzwa Uingereza, Marekani na nchi za Skandinavia, wakishindana na wale wa Thailand, Sri Lanka na Ufilipino. Mzee wa Yorkshire anayesimama mtoni na buti za mpira hadi kiunoni huenda hajui hata Nyeri iko wapi, ilhali kile anachokirusha majini kilifungwa na mama aliyeacha chai yake ipoe juu ya meza ya mbao.

Chumba tulichokitembelea kiko kando ya barabara, kati ya duka la mbolea na kibanda cha kutengeneza viatu. Hakina kibao. Ndani mlikuwa na watu wanane, wanawake sita na vijana wawili wa kiume, kila mmoja akikabili jiliwa dogo, kile chombo cha kubania ambacho mafundi wetu wa jua kali hukiita vaisi. Kwenye meno ya jiliwa hubanwa ndoana. Taa iko karibu na pua. Kando kuna ngozi ya shingo ya jogoo yenye manyoya yake, vipande vya manyoya ya tausi yanayometameta, waya mwembamba wa shaba, na reli za nyuzi za kila rangi. Hakuna mazungumzo mengi. Redio huongea kwa niaba ya wote.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba hakuna aliyeweka mkasi mezani. Kila mmoja alikuwa ameuvaa. Pete moja ya mkasi ilikuwa kwenye kidole kinachofuata kile cha mwisho, mkasi wenyewe umelala ndani ya kiganja, na vidole vingine vinaendelea kuzungusha uzi kana kwamba hakuna kitu. Ukifika wakati wa kukata, mkasi unainuka, unauma mara moja, unarudi kulala.

"Mama, hausumbui kuushika hivyo kutwa nzima?" tulimwuliza mama wa makamo aliyeonekana kuwa ndiye mkubwa wa pale.

"Unasumbua ukiuweka chini," alijibu bila kuinua macho. "Hesabu mwenyewe, ndugu yangu."

Basi tukahesabu. Tuseme nzi mmoja wa kawaida anahitaji mkasi mara nane. Kuna kukata mkia, kukata ncha ya waya, kupunguza manyoya, na mwisho kukata uzi karibu na fundo. Anayefunga dazani kumi kwa siku amefunga nzi 120, na mkasi wake umeuma mara 960. Kama kila mara angeuchukua mezani na kuurudisha, akapoteza sekunde mbili tu, zingekuwa sekunde 1,920, yaani zaidi ya nusu saa. Na kwa kuwa kazi hii hulipwa kwa dazani, si kwa saa, nusu saa hiyo inatoka mfukoni mwake mwenyewe.

Kuna hasara nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Nzi hukaguliwa kabla ya kufungwa kwenye maboksi. Mkaguzi hutazama kama mabawa yamelingana, kama kichwa ni kidogo na safi, kama hakuna unywele uliobaki ukining'inia mahali pasipo pake. Nzi mwenye kasoro hukataliwa, na aliyekataliwa halipiwi. Mkasi butu hautoi mkato safi, hutafuna. Huacha vijinywele, au huvuta unyoya mzima ukang'oka, au mbaya zaidi, ncha yake nene hugusa ule uzi mkuu na kuukata. Uzi huo ukikatika katikati ya kazi, nzi wote hufumuka kama sweta. Mdharau mwiba mguu huota tende, walisema wahenga, na hapa anayedharau ncha ya mkasi hurudi nyumbani na dazani pungufu.

Hivyo basi watu hawa huchagua mkasi kwa makini ambayo sisi wengine huiweka kando hata tunaponunua viatu. Tuliketi nao karibu saa mbili, na mengi ya yafuatayo yatamfaa hata msomaji ambaye hatawahi kumwona trauti, maana ni nani asiye na mkasi nyumbani?

Wao huanza na ncha. Mnunuzi asiyejua hutazama mng'aro wa mkasi wote, lakini hawa hutazama milimita tano za mwisho, basi. Ncha lazima ziwe nyembamba kiasi cha kupenya kati ya unyoya mmoja na mwenzake. Lazima pia zifike pamoja. Funga mkasi polepole ukiuelekeza kwenye mwanga wa dirisha: ncha moja ikiipita nyingine, hata kidogo, urudishe kwa mwenye duka. Halafu jaribu kukata uzi mmoja wa cherehani kwa ncha tupu, si kwa katikati. Mkasi mzuri huukata papo hapo. Mbaya huukunja na kuuweka katikati ya yale mabapa mawili kama mtu anayebana barua kitabuni.

Ukiwa bado dirishani, tazama kitu kingine ambacho wengi hudhani ni kasoro. Mkasi uliofungwa unapotazamwa kwa ubavu, mabapa yake hayapaswi kulaliana kabisa. Pawe na upenyo mwembamba katikati, unaoanzia karibu na skurubu na kwisha nchani. Hii ni kwa sababu kila bapa limepindwa kidogo makusudi, ili makali yakutane mahali pamoja tu kwa wakati mmoja, na mahali hapo pasafiri kutoka nyuma hadi mbele kadiri mkasi unavyofungwa. Hicho ndicho kinachokata. Mabapa yaliyonyooka na kulaliana kama sahani mbili husuguana tu, na baada ya mwezi yamekwisha.

Kisha skurubu. Mikasi mingi ya bei rahisi imeunganishwa kwa ribiti, ambayo ikilegea ndiyo imelegea. Wenye kuijua kazi hutaka skurubu inayoweza kukazwa. Kuipima ni rahisi: shika pete moja, fungua mkasi uwe kama herufi L, kisha uiachilie pete nyingine ianguke kwa uzito wake. Ikianguka ikafunga kabisa, mkasi umelegea mno. Isiposogea hata kidogo, umekazwa mno na kidole gumba kitalia kabla ya saa nne. Inapaswa kushuka kidogo na kusimama njiani.

Pete zenyewe ni jambo ambalo mwandishi huyu hakulifikiria hata kidogo kabla ya safari hii. Mikasi midogo mingi, hasa ile ya kukatia kucha na ngozi ya vidole inayouzwa kwenye maduka ya urembo, ina pete za kumtosha mtoto wa darasa la pili. Ncha zake ni nzuri sana, lakini mtu mzima akiivaa kutwa pete humkata, na kidole hubaki na alama nyekundu kama aliyevuliwa pete ya ndoa kwa nguvu. Kijana mmoja alituonyesha jinsi alivyoifungua pete zake kwa koleo na kuzizungushia mpira wa baiskeli. Anayetumia mkono wa kushoto ana shida zaidi. Mkasi wa kawaida umepangwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Akiushika kwa kushoto, vidole vyake husukuma mabapa yaachane badala ya kuyabana, na bapa la juu humzibia mahali anapokata. Mikasi ya mkono wa kushoto ipo duniani, ila kuipata katika maduka yetu ni kazi kama ya kumtafuta huyo trauti kwa mkono mtupu.

Tukaja kwenye chuma, na hapo pakazuka ubishi. Mmoja wa wale vijana alikuwa na sumaku ndogo mfukoni, akidai kwamba chuma cha pua cha kweli, kile kisichoshika kutu, hakivutwi na sumaku, na kwa hiyo mkasi unaovutwa ni bandia. Imani hii imeenea sana, na kwa sufuria ina ukweli wake, kwani sufuria nyingi nzuri na masinki ya jikoni hutengenezwa kwa aina ya chuma cha pua isiyovutwa. Lakini aina hiyo haiwezi kufanywa ngumu kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla. Makali yanahitaji ugumu. Chuma cha pua cha kutengenezea visu na mikasi mizuri ni cha aina nyingine, nacho huvutwa na sumaku vizuri sana. Kwa hiyo mkasi unaokataa sumaku kabisa ndio wa kutiliwa shaka, maana huenda ni laini na utapoteza makali upesi. Kijana alitusikiliza kwa adabu, akairudisha sumaku mfukoni. Hatuna hakika kama tulimshawishi.

Mingi ya mikasi hii midogo, pamoja na ile ya madaktari inayofanana nayo, hutoka Sialkot, mji wa Pakistan unaosifika kwa kutengeneza vyombo vya upasuaji. Kutoka huko huja kazi safi kabisa na kazi ya ovyo pia, kwa hiyo kusoma jina la nchi ubavuni hakutoshi. Mingine, ya bei ghali, hutoka Ujerumani, ambako mji wa Solingen umefua visu kwa karne nyingi. Huenda ukakutana na mkasi wenye pete za rangi ya dhahabu. Katika vyombo vya hospitali rangi hiyo huashiria kwamba kwenye makali pamebandikwa ukanda wa kabaidi ya tangsteni, kitu kigumu kuliko chuma, kinachodumu na makali yake kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba rangi ya dhahabu haina mlinzi. Yeyote anaweza kuipaka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mikasi ya dhahabu inayotembezwa kwenye vituo vya matatu ipewe macho ya pili.

Kuna jambo moja ambalo wanaoanza huliona kama ubadhirifu, nalo ni kuwa na mikasi miwili. Lakini si ubadhirifu. Mmoja ni wa ncha, kwa ajili ya uzi na manyoya laini. Wa pili ni mnene na imara, kwa ajili ya vitu vigumu. Chukua mfano wa nzi mashuhuri aitwaye Pheasant Tail, aliyebuniwa na Mwingereza Frank Sawyer. Huyu hufungwa kwa waya mwembamba wa shaba. Waya huo ukikatwa kwa ncha ya mkasi mzuri hata mara chache, huacha kipengele kidogo kwenye makali, na tangu siku hiyo kila unyoya unaopita hapo hunasa. Waya hukatwa kwa mkasi wa pili, au angalau kwa sehemu ya nyuma kabisa, karibu na skurubu, ambako makali hayana kazi nyingine na nguvu ya mkono ni kubwa zaidi.

Mfano wa pili ni Muddler Minnow, aliyetoka Kanada katika miaka ya 1930 akiiga samaki mdogo wa mtoni. Kichwa chake hufanywa kwa nywele za paa wa huko, ambazo ndani zina uwazi kama mrija wa kunywea soda. Uzi ukikazwa, nywele husimama pande zote kama nungu aliyekasirika, kisha hunyolewa hadi zifanye kichwa cha mviringo. Nywele hizo hupenda kuteleza mbele ya makali laini. Kwa kazi hiyo hutafutwa mkasi ambao bapa lake moja lina meno madogo sana, hayaonekani vizuri kwa macho lakini kucha huyasikia. Meno hayo hushika unywele usikimbie. Mkasi wa namna hii usipelekewe mnoaji wa barabarani mwenye gurudumu la baiskeli, kwa maana atayafuta meno yote kwa dakika moja, akudai pesa zake, na wewe umshukuru.

Tulipomwuliza yule mama mkasi wake una umri gani, alituambia ni miaka minne. Siri yake haikuwa kubwa. Kila jioni huufuta kwa kitambaa kikavu, hudondoshea tone moja la mafuta ya cherehani kwenye skurubu, na kuuvalisha kipande cha mrija wa plastiki kwenye ncha. Mkasi ukianguka sakafuni ncha zikiwa chini, mara nyingi ndio mwisho wake, na sakafu ya pale ni ya saruji. Tena haukati karatasi. Wenye mama washonaji mtakumbuka kilichotokea mkasi wa nguo ulipopatikana katika mikono ya mtoto aliyekuwa akikata picha za gazeti. Mama hakuwa akionea mtu. Karatasi hutiwa unga wa madini, kama vile udongo mweupe na chokaa, ili iwe laini na nyeupe, na unga huo husugua makali kama msasa.

Kwa mwanafunzi au familia ya Nairobi inayotaka kujaribu kazi hii ya mikono, si lazima kuanza na mkasi wa Ujerumani. Katika maduka ya vifaa vya ushonaji Biashara Street kuna mikasi midogo ya kudarizi ambayo ncha zake zinatosha kabisa kwa mwanzo. Nenda na kipande cha uzi mfukoni na usione haya kujaribu mkasi wa kwanza, wa pili hata wa saba mbele ya mwenye duka. Anayekataa ujaribiwe anajua kwa nini. Jiliwa dogo fundi wa Kamukunji anaweza kulitengeneza ukimchorea. Manyoya yako kwa muuza kuku, na jogoo mwenye manyoya ya shingo yanayong'aa ana thamani mara mbili siku ya Krismasi. Kanga wa kufugwa pia ana manyoya mazuri yenye madoadoa. Ila ndege wa porini waachwe walivyo, pamoja na manyoya waliyoyaangusha, kwa sababu sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 haichezi na mtu anayepatikana na sehemu za mnyama bila kibali.

Tusiipake kazi hii asali lakini. Macho huchoka. Wengi wa wale wanane walikuwa na miwani, na si wote waliokuwa wazee. Oda hufuata majira ya Ulaya: kuna miezi ya kufanya kazi hadi usiku, na kuna miezi ambayo meza hufunikwa kwa shuka. Nzi mmoja huuzwa dukani ng'ambo kwa bei ambayo anayemfunga huisikia kama hadithi. Na zaidi ya hayo, mkasi wenyewe mara nyingi ni wa mfanyakazi, umenunuliwa kwa pesa yake. Ndiyo sababu mtu haazimishi. Msichana aliyejiunga nao wiki tatu kabla ya sisi kufika aliomba wa jirani yake kwa dakika moja tu, akapewa mate ya kumeza na tabasamu.

Kutoka pale tulikwenda hadi mtoni. Si mbali. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, yakipita kwa kelele juu ya mawe, na hatukumwona mvuvi yeyote. Anayetaka kuvua trauti anahitaji leseni, na ni vyema aulize kwa maafisa wa uvuvi, au langoni akiwa anaingia mbuga ya Aberdare, kabla ya kutia kitu majini. Watoto waliokuwa wakichota maji walituambia kwamba samaki wapo, wakubwa, ila wana akili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona nzi wa bandia akitumiwa, ingawa mmoja alisema shangazi yake huwafunga.

Tuliporudi kuaga, yule msichana mgeni alikuwa na mkasi. Yule mama alikuwa amempa wake wa zamani, uliokuwa umekwisha ncha. Haukuwahi kutupwa. Ulikuwa umefungwa uzi mwekundu kwenye pete ili usichanganywe na mizuri, na kazi yake ilikuwa kukata waya wa shaba tu. Msichana alikuwa akiuzoesha kidole chake, akiulaza ndani ya kiganja na kuuinua, akiulaza na kuuinua, bila kukata kitu.